Kompyuta Iliyovaa Nguo za Mtu

Baba yangu aliuza nyama hapa mjini Embu, na bucha yake ilikuwa na sheria moja: nyama haikatwi mpaka mteja mwenyewe awe amesimama mbele ya kisu. Hata ungetuma pesa na mtu unayemwamini, baba alisubiri uje. Wateja walinung'unika kwamba anawachelewesha, lakini hawakuhama.

Mimi binti yake sikurithi kisu, nilirithi sheria. Nina chumba chembamba ninachogawana na fundi wa cherehani, yeye mlangoni penye mwanga, mimi ndani na kompyuta zangu. Kila mashine inayoletwa naifungua mwenye nayo akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele yangu. Anaona vumbi likitoka, anaona mende waliokauka. Kisha ananiuliza lile swali linalonipandisha hasira mpaka leo: "Sasa hapo umeweka nini ndio nilipe?"

Hakuna anayelalamika kulipia feni mpya. Lakini nikimwambia feni yake bado nzima, ilihitaji kupanguswa tu, huyo ananiona mwizi. Ujuzi haushikiki, kwa hiyo hauna bei. Ndiyo maana kinachonilisha si ukarabati hasa, ni zile kompyuta ninazounda mwenyewe, kifaa hiki kutoka huku, kile kutoka kule. Kwa pesa ileile mteja anapata mashine yenye nguvu zaidi, na kitu kikifa, mwenzake anapatikana duka lolote. Zile zenye majina ni nzuri, sisemi uongo. Ila nyingi zinazotufikia zimeshatumika miaka mingi katika ofisi za Ulaya, na baadhi zina pawa saplai, kile kisanduku cha nyuma kinachogawa umeme, ya umbo lao peke yao. Ikiungua, utazunguka Kenya nzima kutafuta ndugu yake.

Lakini watu wanapenda jina. Kasha langu jeusi lisilo na nembo wanaligonga kwa kucha kama wanaonunua tikiti maji, wanauliza, "Hii ni gani?" Nikisema ni yangu, wanaaga kwa heshima.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Ishiara. Alikuwa na kibanda cha kuchapa: barua za chifu, programu za mazishi, mitihani ya shule tatu za msingi. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa, na chama chake, akina mama kumi na wanne wanaolima ndengu na muguka, yale majani ya kutafuna, walikuwa wamemchangia anunue nyingine. Walikuwa wamempa sharti.

"Wamesema niende na ya jina," akaniambia. "Wakiona ni ya kuungaunga watasema nilikula pesa."

Nilifanya hesabu kichwani. Kwa pesa zile, ya jina ingekuwa kuukuu, na joto la Ishiara na umeme wake wa kupandashuka vingeimaliza kabla ya mwaka. Nilimhurumia. Pia, niseme ukweli, nilihitaji mauzo hayo, maana kodi ya chumba ilikuwa imekaribia. Nikamwambia arudi baada ya siku mbili.

Akaenda, nami nikafanya ambalo baba asingelifanya. Nilikuwa na kasha la mashine ya jina iliyokufa. Nikalisafisha, nikatoboa matundu mawili ili pawa saplai ya kawaida iingie, nikaweka ndani vifaa nilivyochagua kimoja kimoja. Ilikuwa kazi safi, na mpaka leo najivunia nyaya zile nilivyozifunga. Nembo niliipangusa kwa mate na kitambaa cha fundi cherehani. Mama aliporudi, skrubu zote zilikuwa zimeshakazwa. Akaona nembo, akatabasamu. Sikusema uongo hata mmoja, kwa sababu sikusema chochote.

Mashine ilichapa miezi minane bila kukohoa. Kisha, Ijumaa moja ya muhula wa pili, yule mama akaingia dukani kwangu jasho likimtoka, kompyuta kaifunga kwa leso.

"Madam, nisaidie tu mahali pa kuchapa," akasema. "Mitihani ni Jumatatu. Shule zikikosa karatasi, zitaleta kazi huku Embu na hazitarudi kwangu tena."

Nikamuuliza mashine ina nini. Umeme ulirudi kwa kishindo Jumatano, akasema, ikazimika na kutoa harufu ya kuungua. Hakuja kwangu kwanza, kwa sababu aliamini kitu cha jina kina mafundi wake. Alikuwa ametoka duka kubwa la mtaa wa juu, na huko hawakufungua, walisoma nembo tu. Wakamwambia pawa saplai ya aina hiyo itatoka Nairobi, wiki mbili, bei karibu nusu ya kompyuta. Alikuwa amepoteza siku mbili akitafuta kitu ambacho mashine yake haikukihitaji.

Mbaya zaidi, pawa saplai niliyoiweka ilikuwa ya kawaida kabisa. Hata kwenye ile kompyuta yake ya zamani, iliyolala chini ya meza yake kule Ishiara, ilikuwemo nyingine nzima inayoingia humo. Angekuwa anajua, fundi yeyote wa pale angemaliza kazi Jumatano hiyohiyo.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Ningeweza kumwambia akanywe chai, nibadilishe, arudi akute inawaka, anishukuru. Badala yake nilivuta kile kiti cha plastiki.

"Kaa hapa, mama. Naifungua ukiona."

Nikafungua. Nikamwonyesha matundu niliyotoboa, nikamwambia kila kifaa kilikotoka, na kwa nini. Nikatoa pawa saplai kwenye rafu, nikaifunga, mashine ikawaka. Yote hayo hayakufika nusu saa.

Mama hakutazama skrini. Alinitazama mimi.

"Kwa hivyo hii si ya jina."

"Ni yangu."

"Miezi nane naambia watu ni ya jina. Umenifanya nidanganye wamama wa chama." Akafunga leso yake polepole. "Mimi hawatanisikia. Utakuja uwaambie wewe."

Mitihani ilichapwa, nilijua kwa simu. Jumamosi iliyofuata nikaenda Ishiara na bisibisi zangu mkobani, nikiwa na hakika kwamba narudishiwa mashine na kudaiwa pesa, na kwamba upande wote ule wa Mbeere hakuna tena atakayeniletea hata kipanya.

Walikuwa wameketi nje ya kibanda, kumi na wanne wote. Nikafungua kasha mbele yao, skrubu moja baada ya nyingine, nikazipanga kwenye sahani ya bati. Nikaeleza kila kitu, hata ile kodi ya chumba. Walisogea karibu. Mmoja akauliza feni ni ya nini. Mwingine akataka kushika kile kipande cha kumbukumbu ya mashine, akashangaa ni kidogo hivyo. Bibi mkongwe kati yao, aliyekuwa akichambua ndengu muda wote bila kuinua macho, ndiye aliyenichoma kwa swali.

"Kama ni nzuri," akasema, "mbona uliivalisha nguo ya mtu?"

Nilisema tu niliogopa hawatainunua.

"Tungekataa, kweli," akasema, na wenzake wakacheka, nami nikacheka na machozi yakanitoka. Kisha akanyoosha mkono. Nikang'oa nembo kwa bisibisi, nikampa. Akaitazama pande zote mbili, akaitia ndani ya chombo cha makapi ya ndengu.

Hawakuamua lolote mbele yangu. Nilipewa uji, nikarudi nyumbani bila kujua. Siku tatu nilifanya kazi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Alhamisi simu ikalia. Ni yule mama.

"Madam, kanisa letu linataka kompyuta ya ofisi. Wamama wamesema watanunua kwako." Nikamuuliza wanataka ya aina gani, niitayarishe.

"Usitayarishe kitu," akasema. "Beba tu vyuma kwa gunia, uje uiunde hapa tukiona. Tutakuwekea kiti."