Kumpokea Mwenyekiti Ubao

Chama chetu cha waamuzi wa kriketi kilianzishwa kabla wachezaji hawajapatikana. Ndivyo tulivyo: uongozi kwanza, kazi itafuata. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa Iringa aliyejifunza mchezo huo akiwa masomoni, alitukusanya watu wa Iringa na Mbeya, akatufundisha sheria. Mimi, fundi cherehani wa Ipogolo, nikashona makoti meupe. Tukiyavaa tulionekana wauza nyama, ila wenyewe tulijiona majaji. Wachezaji walipokosekana kabisa, tukawa tunacheza wenyewe kwa wenyewe, Iringa na Mbeya, kwa zamu tukiamua.

Balaa letu la kwanza lilikuwa kidole. Katika kriketi, mpigaji akitolewa, mwamuzi huinua kidole. Sasa wewe mwinulie kidole mzee mwenye wajukuu, uone kama hutaitwa mtovu wa adabu mpaka Ubaruku. Mwenyekiti akatunga kanuni: kijana ainuliwe kidole, lakini mzee umwendee, uiname kidogo, umpokee ubao wake wa kupigia kama unavyompokea mgeni mzigo. Akishapokewa, ametoka, na hakuna kubishana. Tulimpigia makofi.

Miaka ikaenda, wenzetu wa Mbeya wakaanza kunung'unika kwamba mwenyekiti mwenyewe hapokewi. Mpira unaangusha vijiti nyuma yake, na kisheria hapo ametoka, mwamuzi wa Iringa anatazama mawingu. Na walisema kweli. Wakatuambia mechi inayofuata ikiwa hivyo hivyo, wanajitoa. Iliniuma sana. Bila Mbeya tungebaki Iringa tukiamuana wenyewe, na chama kile nilikipenda kuliko nilivyokubali mbele za watu.

Siku ya mechi mwamuzi nikawa mimi. Mwenyekiti alikuwa akipiga vizuri kuliko kawaida yake, na Iringa tulibakiza kidogo tushinde. Akapiga, akakimbia, akafika upande wangu salama salimini, anahema, kamba ya kiatu imefunguka. Akainama kuifunga huku ubao ukimsumbua mkononi. Mimi nimelelewa na mama, sikuokotwa. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Pole, mzee," nikasema, nikaupokea.

Hakuna aliyekuwa amemtoa, na kila mtu aliona. Nikaanza kujieleza, nikataka kumrudishia, huku Mbeya wakinikodolea macho kuona kama mzee wetu safari hii atapokewa kisha akubali kutoka. Yeye aliutazama ubao mikononi mwangu, kisha akawatazama wao.

"Nimepokewa," akasema. "Kanuni nimetunga mwenyewe."

Akatoka na kiatu chake hakijafungwa. Mechi tukafungwa. Mbeya hawakujitoa, walimfuata kumpa mkono, mmoja mmoja, wameinama. Watu wa Iringa walininunia mpaka mvua zikaanza, na baadhi yao bado nawadai salamu. Mwenyekiti hakunilaumu hata kidogo, ila tangu hapo kila nilipomsogelea aliuhamishia ubao mkono wa mbali.

Mwaka huu alilazwa Tosamaganga. Nilimkuta nje ya wodi akijikokota, mkono mmoja fimbo, mwingine mkoba wa nguo. Alikuwa amekonda mpaka nikatamani kulia. Nikainama, nikamwamkia shikamoo, nikanyoosha mkono nimpokee mkoba.

Akaukumbatia kifuani.

"Usiguse," akasema. "Bado napiga."