Mvumo wa Makopo Manane

Mashahidi wengi huongea chini chini. Mtu akiulizwa mpaka wa shamba lake ulipita wapi, hujibu kana kwamba anaizungumzia shingo yake mwenyewe, na karani naye huwa amekiweka kinasa sauti karibu na mwenyekiti badala ya shahidi. Sisi wachapaji wanane wa baraza la usuluhishi ndio tulioyachapa majibu hayo. Tulikaa katika chumba kirefu cha ghorofa ya pili, kila mmoja na meza yake, hedifoni masikioni, mguu mmoja kwenye kanyagio la kurudisha maneno nyuma, mikono miwili juu ya vitufe. Mashine za kusikilizia zilikuwa zimechoka. Tulipoomba nyingine tuliambiwa ombi limepokelewa, nalo likaendelea kupokelewa mwaka mzima.

Aliyetutoa katika shida hiyo ni mwanamke aliyekipiga deki chumba chetu kila asubuhi. Jengo zima lilimwita Mama Ndoo.

Alikuwa amevuka miaka hamsini, mfupi, mwenye mabega mapana na tabia ya kutomaliza sentensi asiyoiamini. Shule aliiacha darasa la sita. Ufundi aliupata kwa shemeji yake, mume wa dada yake, aliyeuza redio kuukuu kwenye kibanda cha mabati. Huko alikwenda kila Jumapili kumpelekea dada yake sabuni, akaanza kushika tochi wakati shemeji akifungua redio, kisha akashika bisibisi, kisha shemeji akawa ndiye anayeshika tochi. Michoro ya saketi iliyoandikwa kigeni hakuisoma. Alijichorea yake kwenye daftari la mraba: transista aliichora kama kigoda cha miguu mitatu, kapasita kama mitungi miwili iliyopeana mgongo. Mtu mwingine asingeelewa kitu, lakini redio alizozitengeneza kwa daftari hilo ziliongea.

Kazini alipewa stoo ya chini ya ngazi kwa ajili ya ndoo na mifagio. Alilaza ubao juu ya ndoo mbili zilizofunikwa, akauita meza. Hapo, saa ya mapumziko, aliyeyusha risasi ya kuungia nyaya kwa chuma cha kulehemu na kutuundia vikuza sauti vinane, kimoja kwa kila mchapaji. Kila kimoja alikifunga ndani ya kopo la bati la majani ya chai, kutoka jikoni mwa ofisi. Cha kwanza alitujaribishia kikiwa bado na picha ya jani la chai ubavuni. Nilisikia shahidi akivuta pumzi kabla ya kusema uongo. Sijui niieleze vipi furaha ya mchapaji anaposikia hivyo.

Msimamizi wa ofisi, mwanamume wa suti ya kijivu aliyependa kusimama mlangoni bila kuingia, alikubali kwa sharti. Fundi wa jengo alikuwa amestaafu na nafasi yake ilikuwa wazi.

"Makopo yako yakifanya kazi wiki nzima bila lalamiko, Mama Ndoo, nitakuhamishia chumba cha ufundi. Yakileta matatizo, Ijumaa saa sita yanatoka, na wewe unarudi kwenye ufagio wako. Tena bila hadithi za redio."

"Ufagio nimeushika miaka tisa, bwana," alijibu. "Haukunichoma. Lakini nimeshausoma wote, umekwisha."

Jumatatu akayaleta makopo yote manane, yamepakwa rangi ya buluu ndani na nje, yanang'aa kama vyombo vya harusi. Tuliyaunganisha, tukavaa hedifoni, tukaanza kazi. Yalivuma.

Haukuwa mvumo mkubwa. Ulikuwa kama nyuki aliyefungiwa katika chumba cha jirani, wa sauti moja, asiyechoka. Lakini mchapaji husikiliza saa saba kwa siku, na kufikia saa nane mchana nyuki huyo alikuwa amehamia ndani ya fuvu la kila mmoja wetu. Jirani yangu wa meza ya nne, tuliyemwita Chiriku kwa sababu hakuwahi kunyamaza, alikuwa wa kwanza kulalamika.

"Mama Ndoo, kopo langu linachemsha maji au linakuza sauti?"

Alikuja mbio na kitambaa begani. Alivaa hedifoni za Chiriku, akalishika kopo, akazungusha kitufe cha sauti polepole hadi mwisho, akakunja uso.

"Halina kitu."

"Lina nyuki!"

"Nyuki yumo kichwani mwako, mwanangu. Hapa pamenyamaza kimya."

Alilijaribu langu, akajaribu la meza ya sita. Kote alisikia kimya. Alipotoka, tulivaa tena, na nyuki akaendelea na wimbo wake. Msimamizi alikuwa mlangoni. Alitoa kalamu, akaandika.

Jumanne alibadilisha adapta zote, ingawa alisema zilikuwa nzima. Jumatano alizisuka upya nyaya za kuingizia sauti na kubadilisha kapasita mbili katika kila kopo. Kila alipomaliza alisikiliza na kusikia kimya. Kila alipotupa kisogo tulisikia mvumo. Kufikia Jumatano jioni alikuwa ameanza kutuangalia kwa jicho la pembeni. Huko korido makarani walimtania wakipita: "Fundi wa chai, kimechemka?" Naye, akikamua tambara lake, aliwajibu bila kuinua kichwa: "Kikichemka nitawaita mje na vikombe. Na miguu mfute, nimetoka kupiga deki."

Kwetu hakutania. Alhamisi asubuhi alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Wanangu, niambieni ukweli. Nani kawatuma?"

Hakuna aliyekuwa ametutuma.

"Miaka tisa nimewafutia meza. Makombo ya maandazi yenu nimeyatoa kwenye vitufe kwa unyoya wa kuku. Kama hamtaki mfagiaji awe fundi, semeni. Nitaumia, lakini nitajua naumwa wapi. Msinifanye mwehu wa kusikiliza kitu kisichokuwepo!"

"Kipo, mama," Chiriku akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. "Haki ya Mungu kipo."

Mimi si msemaji. Lakini nilikuwa nimeliona jambo moja tangu Jumatatu, na nikaona si haki kuendelea kulificha kwa sababu tu ya aibu. Nilimwambia kuwa mvumo huondoka kila anapokuja yeye.

Chiriku alicheka. "Hata mashine inamheshimu."

Mama Ndoo hakucheka. Alinivika hedifoni zangu, akalishika kopo langu kama alivyozoea, kiganja chote kimelikumbatia, na kuniuliza kwa macho. Kimya. Aliachia mkono achukue kitambaa ajifute jasho.

"Umerudi," nilisema.

Aliligusa.

"Umekwenda."

Aliachia. Aligusa. Aliachia. Mara ya tano hakunihitaji tena nimjibu. Aliusoma usoni mwangu. Kisha akaniinua, akakikalia kiti changu na kuvaa hedifoni zangu.

"Kaa kama sisi, mama," Chiriku akamwelekeza. "Mikono huku kwenye vitufe. Mguu pale. Usishike kopo. Sisi hatuna mkono wa tatu wa kushikia kopo."

Alikaa hivyo, mikono yake yenye nyufa za sabuni juu ya vitufe ambavyo alikuwa amevisafisha mara elfu na hakuwahi kuvibonyeza. Alisikiliza. Nilimwona akiusikia. Midomo yake ilifunguka kidogo, macho yakabaki yametazama ukuta.

"Loo," alisema. "Kumbe nyinyi si waongo."

"Wala wewe si mwehu, mama."

Baadaye alitueleza. Mfagiaji wa ofisi hagusi kitu bila kukishika barabara. Mkono mmoja hushika, mwingine hufuta. Ukivunja kikombe cha mkubwa, hakuna atakayekuuliza kilikuwa na ufa au hakikuwa. Kwa miaka tisa mkono wake wa kushoto ulijifunza kushika kabla akili haijasema neno. Alipokuwa akiunda vikuza sauti chini ya ngazi alivishika. Alipovijaribu alivishika. Na mwili wa mtu, ukigusa bati lisilofungwa vizuri kwenye saketi, huumeza mvumo wa umeme. Mkono wake mwenyewe ulikuwa ukimficha kosa lake.

Lakini kwa nini bati halikufungwa vizuri? Alichomoa adapta, akafungua kopo langu hapo hapo mezani. Waya wa erthi, ule wa kuliunganisha bati na saketi, ulikuwepo, umekazwa kwa skrubu kwenye ukuta wa bati, safi kabisa. Alichukua mita yake ya kupimia umeme, akaweka ncha moja kwenye waya na nyingine kwenye mdomo wa kopo, pale rangi ilipochubuka kwa mfuniko. Mshale wa mita haukutikisika.

"Rangi," alisema.

Kisha akacheka kicheko kifupi, cha mtu aliyejikwaa mbele ya watu.

"La kwanza halikuwa na rangi, ndiyo maana lilinyamaza kweli. Haya nimeyapaka ndani na nje, skrubu ikakaa juu ya rangi, haikufika kwenye bati. Nilipaka ili asije mtu akasema, 'Tazama, makopo ya chai.' Nimeona haya kwa ajili ya kopo! Kopo lenyewe halikuona haya."

Alitoa kipande cha msasa mfukoni mwa aproni, akakwangua chini ya skrubu mpaka bati likang'aa, akakaza tena na kuirudisha adapta. Nilivaa hedifoni, nikaweka mikono miwili juu ya vitufe. Shahidi wa siku hiyo alikuwa mzee aliyekohoa kabla ya kila jibu. Nilikisikia kikohozi chake, nikaisikia kalamu ya karani ikikwaruza karatasi, na nyuma yake hapakuwa na kitu chochote. Nilimwitikia kwa kichwa kwamba umekwenda.

"Saba yamebaki," alisema, akasogea meza ya pili. Alasiri haijaisha alikuwa ameyamaliza yote, na safari hii kila moja alilijaribu akiwa amekaa, mikono mbali.

Ijumaa saa sita Msimamizi aliingia, wala hakusimama mlangoni. Alivaa hedifoni zangu, mikono ameifunga mgongoni, akasikiliza dakika nzima. Akazivua.

"Safi. Limekwisha basi. Jumatatu urudi kwenye kazi yako, Mama Ndoo. Kitu kikiharibika tutakuita."

"Kazi yangu ipi, bwana?"

"Unaijua."

"Sharti lilikuwa chumba cha ufundi."

"Sharti lilikuwa wiki nzima bila lalamiko. Ninayo hapa malalamiko kumi na moja. Fundi wa kweli hasahau waya wa erthi."

"Sikuusahau. Niliukaza juu ya rangi. Andika hivyo hivyo katika daftari lako, kosa ni langu, sitaki lipambwe. Na chini yake andika nani aliyeliona, nani aliyelifungua mbele ya watu wanane, na nani aliyeliponya. Fundi wa kweli ni yule asiyekosea? Basi niletee mmoja nimwamkie."

"Unanipandishia sauti?"

"Ndiyo kazi mliyonipa."

Chiriku aliziba mdomo kwa kiganja. Mama Ndoo alivua aproni, akaikunja mara nne kwa uangalifu, akaiweka kwenye kona ya meza yangu, na juu yake akaweka ufunguo wa stoo ya mifagio.

"Na sakafu nani atapiga deki?" Msimamizi aliuliza.

"Tangazeni nafasi."

Hapo ndipo nilipotambua kuwa chumba kilikuwa kimya. Hakuna aliyepanga. Vitufe vyote vilikuwa vimesimama, na wachapaji wanane walikuwa wamevua hedifoni na kuzining'iniza shingoni. Msimamizi alitutazama mmoja mmoja.

"Endeleeni na kazi."

Hatukuendelea. Sina ushujaa wa kujisifia. Mikono yangu niliiweka mapajani tu. Nikaiacha hapo hapo. Mwishowe Msimamizi alichukua ufunguo, akatoka. Baada ya nusu saa tarishi alileta barua yenye mhuri. Mama Ndoo aliisoma akiwa amesimama, kidole chini ya kila neno.

"'Msaidizi wa fundi,'" alisoma. "Namsaidia nani? Fundi mwingine yuko wapi?"

"Mimi nimetumwa tu, mama," tarishi akasema.

"Najua, mwanangu. Basi nami nakutuma. Mwambie nasubiri jina la mtu nitakayemsaidia."

Barua ya pili ilisema "fundi wa muda". Hiyo hakumaliza kuisoma. Tarishi, aliyeanza kuufurahia mwendo huo wa ngazi, aliirudisha akiruka vidato viwili viwili. Ya tatu ilikuja karibu na saa kumi, na ndani yake palikuwa na neno moja tu kabla ya jina lake: fundi. Aliisoma mara mbili, mbele na nyuma, akiitafuta hila. Hakuiona.

Hakushukuru mtu. Aliiweka barua kifuani, akachukua bisibisi, akaja kati ya meza yangu na ya Chiriku.

"Meza ya nne," alisema, "sikio lako la kushoto linapokea hafifu kuliko la kulia. Nimelisikia tangu jana. Inuka nikae."