Magugu Aliyoyaburura Shangazi

Shangazi yangu ni mfagiaji wa barabara, na ukitaka ugomvi naye mwambie kazi hiyo ni rahisi. Hufagia kutoka sokoni hadi kwenye shimo la taka, na hakuna anayethubutu kutupa ganda la ndizi mbele yake.

Kiangazi cha mwaka juzi upepo ulituletea kichaka kigeni chenye miiba. Kikikauka hukatika shinani, kikabingirika njiani kama mpira usio na mwenyewe. Tukakiita Mzururaji. Shangazi hakutaka mchezo nacho. Alivifunga kamba vichaka hivyo na kuviburura hadi shimoni, kiangazi kizima. Tulimsifu, na yeye sifa hazimchoshi.

Mvua iliponyesha, ukanda wa kijani ukachipua kando ya barabara, kutoka sokoni hadi shimoni. Kumbe kila alipoburura, mbegu zilidondoka. Shangazi alisimama na fagio lake akiutazama, nami nilimwonea huruma sana.

Kilichomkosesha usingizi ni shamba la maharage la baba yangu, lililo chini ya barabara ile. Maharage hayo ndiyo chakula chetu. Magugu yakikauka tena, yangebingirikia humo humo. Akaanza kumkwepa kaka yake. Akimwona kwa mbali, anapita nyuma ya maduka. Lakini mficha uchi hazai. Jioni moja akaja moja kwa moja kutoka kazini, akakataa hata kuketi.

“Kaka, yale magugu nimeyapanda mimi.”

“Najua,” baba akasema.

“Tangu lini?”

“Tangu yachipue. Nani mwingine mtaani angepanda mstari ulionyooka hivyo?”

Mimi nikacheka. Jicho alilonitupia shangazi lilitosha kukausha magugu yote.

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia nini, mdogo wangu? Ulikuwa unafanya kazi yako.”

Baba alipomnyooshea kikombe cha chai, shangazi akaviona viganja vya kaka yake. Vilikuwa vimechanikachanika kwa miiba, vidonda vipya juu ya vya zamani. Kumbe kila asubuhi, kabla dada yake hajafika na fagio, baba alikuwa akiyang'oa magugu ya upande wa shambani.

Shangazi akaweka kikombe chini bila kunywa, machozi yakimlengalenga. Akatoa glovu zake za kazi mfukoni, akampa baba moja, ya pili akaivaa mwenyewe, wakatoka.