Jicho la Swaumu na Bakuli la Bi Kidawa

Pikipiki imeshaiacha nyumba, Mzenga, wilayani Kisarawe, na Bi Kidawa bado anaifuata na bakuli mkononi.

“Kunywa kwanza, mwanangu! Wale wanakwenda kukuchota damu tena!”

“Mama, nilishakatazwa,” anajibu Swaumu Abeid bila kugeuka. “Mpe mwanao Maulidi. Huyo ndiye hana damu, hata jembe halishiki.”

Swaumu, 26, anatwanga kisamvu na kukiuza. Siku nzuri hubakiwa na shilingi elfu sita. Leo anakwenda Kibaha kupimwa damu, maana nauli imetimia.

Mwaka juzi, siku chache baada ya kumzaa Raudha, kichwa kilimuuma wiki nzima. “Wakasema mashetani, nikafukizwa ubani,” anasema. “Nilipoanguka kifafa ndipo wakanipakia.”

Hospitalini ikaonekana damu imeganda kwenye mishipa inayoitoa kwenye ubongo. Akachomwa sindano za kuizuia isizidi kuganda, kisha akapewa vidonge vya kumeza kila jioni. Muuguzi Aneth akamwonya: mboga za majani ale, ila kiasi kilekile siku zote. Akizidisha, dawa inashindwa.

Bi Kidawa, mama wa mumewe Maulidi, hayo hakuyasikia. Alichoona ni mzazi anayechotwa damu kila mwezi, halafu anapewa dawa ya kuifanya nyepesi. Yeye alilelewa akijua mzazi huongezwa damu. Basi akakamua matembele, akachemsha kisamvu, bakuli asubuhi, bakuli jioni.

Swaumu alimweleza. Bi Kidawa akanuna: “Chakula changu leo kina sumu?”

“Nikanywa kwa adabu,” anasema Swaumu. “Adabu imenila jicho.”

Maumivu ya kichwa yakarudi. Alipotoka hospitalini mara ya pili, jicho la kulia lilikuwa halioni.

“Nilimpa chakula,” anasema Bi Kidawa. “Mtoto wa mwenzangu ningemdhuru ili nipate nini?”

Swaumu anataka chumba Tangini, Kibaha, karibu na hospitali. “Kimoja tu, kiwe na jiko langu. Nijipikie mwenyewe kabla jicho la pili halijazima.”

Kibaha wamempima, dawa inafanya kazi. Aneth amehamishwa. Raudha anatembea. Maulidi bado yuko nyumbani. Chumba hakijapatikana. Jioni Swaumu amerudi Mzenga, na bakuli liko mezani, limefunikwa.