Mgomba Tuliouzika Badala Yake

Mdogo wangu alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo. Mtoto wa Mbozi, kakulia kwenye kahawa na mahindi, hata mto hakuwahi kuvuka bila kushikwa mkono, eti akaenda kuwapikia watu katikati ya bahari! Nilimcheka sana siku anaaga. Meli ikazama, naye akiwemo.

Wenye meli walituma mtu mpaka nyumbani. Alikuwa mpole, mwenye viatu vizuri, akatueleza kwamba meli imelala chini mno, hakuna binadamu anayeweza kufika huko na kurudi. Tukamwamini. Nani wa kubishana mambo ya bahari huku Songwe? Wazee wakasema basi, uzikwe mgomba. Tukakata mmoja nyuma ya nyumba, tukaufunga sanda, tukauzika pembeni mwa kahawa na msalaba wenye jina lake. Mama aliulilia ule mgomba mpaka sauti ikamkauka.

Miaka ikapita. Msimu huu wa kahawa nilifunga duka langu la mafuta ya kula pale Tunduma, nikaenda kumwona mama na chumvi ya Ivuna anayoipenda. Nikamkuta na kijana wa marehemu mama mdogo, ambaye mama ndiye aliyemlea. Siku hizi anafanya kazi pwani, kwenye boti inayopeleka watalii kupiga mbizi. Mashavu yamejaa, cheni shingoni.

"We, huko wanakulisha hamira?" nikamtania.

Akacheka, lakini si kicheko chake. Alikuja kuomba baraka za mama. Amepandishwa kazi, sasa atashuka chini yeye mwenyewe, awaongoze wageni.

"Kushuka wapi?"

Akamtazama mama, akainamisha kichwa. "Ni kwenye ile meli, dada. Nilitaka msikie kwangu kwanza."

Akatoa simu atuonyeshe video. Mtu mwenye mitungi ya hewa mgongoni anapita mlangoni na tochi. Nikaona jiko. Sufuria zimejaa matope. Yule mtu akaokota upawa, akajifanya anapakua chakula, na mwenzake akamwonyesha dole gumba.

Mungu wangu! Upawa wa ndugu yangu, jamani! Alioushika yeye!

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima hicho kitu kabla sijakivunja! Hao watu hawana mama zao?"

"Wanalipa hela ndefu, dada. Wanapenda kuona."

"Kuona nini? Kaburi?"

Mama hakupiga kelele. Alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo, mbovu huku, nzima kule, na mkono haukusimama.

"Kwa hiyo watu wanafika," akasema.

"Wanafika, mama mkubwa. Vifaa vipo. Ila ni hatari kweli. Mwaka jana mgeni mmoja alipotea humo ndani, hewa ikamwishia."

"Yuko wapi sasa?"

"Walimtoa. Kesho yake tu waliletwa wazamiaji, wakamtoa, akasafirishwa kwao kuzikwa."

Kesho yake tu. Mkono wa mama ukasimama. Kijana naye ndipo akasikia alichokisema, akajiziba mdomo. Mimi nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Kumbe njia ipo! Kumbe binadamu anatolewa, tena haraka, ilimradi awe wa kutolewa. Sisi tukapewa maneno matamu, tukavisha mgomba sanda.

Kijana akapiga magoti mbele ya mama. "Nitamtafuta. Nipe baraka tu. Nikishuka nitamleta, hata kama ni mfupa."

Na mimi niliyekuwa nafoka sikumzuia. Nilitaka aende. Nasema kweli, nilitaka.

"Hapana," mama akasema. "Bahari ina mmoja wangu, wa pili siipi. Waliomtoa mgeni ndio waje wanitolee mwanangu. Wewe hushuki, na baraka za kushuka sina."

Akajifuta mikono kwenye khanga, akaenda pembeni mwa kahawa. Akaushika ule msalaba kwa mikono miwili, akautikisa mpaka ukang'oka. Kijana alikimbia kumsaidia, mama akamsukuma. Akaubeba mwenyewe, udongo unamdondokea miguuni, akauingiza ndani na kuuegemeza nyuma ya mlango.

Kijana hakurudi kwenye boti. Yuko dukani kwangu, anapima mafuta na kubishana na wateja wa ng'ambo ya mpaka. Wenye meli tunawapigia simu, wanatuambia tuvute subira, na mimi nawaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Juzi nilikwenda kwa mama, nikawa nafagia sebule. Nikataka kuusogeza ule msalaba nipitishe ufagio.

"Uache hapo hapo," mama akasema kutoka jikoni. "Mwenyewe hajafika."