Mzee Asiyepiga Ngumi

Kutoka Walikale hadi Karuba nilitembea kwa miguu zaidi kuliko nilivyopanda chombo chochote. Msituni nilikuta lori limemezwa na matope hadi kwenye milango, na dereva wake amejenga kibanda pembeni, anapika sombe, majani ya muhogo, kama mtu aliyehamia hapo. Baada ya Nyabiondo miti ikapungua, vilima vikafunguka, na baridi ikanipenya kwenye shati la shule nililokuwa bado navaa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na miguu yangu haikupenda kukaa mahali pamoja. Nilifika Karuba siku ya soko, na kazi ya kwanza niliyoiona ndiyo niliyoichukua.

Ilikuwa kazi ya sinema, katika nyumba ya mbao yenye mabenchi, televisheni moja, mashine ya diski na jenereta ndogo tuliyoiita groupe. Mwenye sinema, ambaye sote tulimwita Patron, alikuwa anatafuta mtafsiri.

“Unajua Kichina?” akaniuliza.

“Hapana, Patron.”

“Hata miye sijue. Kusoma Kifaransa mbio mbio?”

“Hiyo najua.”

“Ingia. Batu bako nangojea,” akasema, akinionyesha watu waliojaa mabenchini.

Ninyi mnaotazama filamu kwenye simu hamkuijua kazi hiyo. Mtafsiri alisimama kando ya televisheni, akasoma maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha, na papo hapo akayageuza Kiswahili kwa sauti ya kila mtu: nene kwa adui, nyembamba kwa binti, ya kukwaruza kwa mzee. Wakati wa mapigano hakuna maandishi. Hapo ndipo “kujaza” kulipoanza: unaweka mlio wa kila ngumi, unataja mbavu iliyovunjika, unamtukana aliyeanguka. Patron alikuwa mkali kuhusu kujaza. “Mukinyamaza,” alisema, “batasikia groupe, na batakumbuka bako Karuba.” Ilitubidi pia kukadiria mafuta, maana groupe ikizimika katika pigano la mwisho, watazamaji waliyavunja mabenchi kwa hasira.

Kutoka Karuba Patron alinipeleka Muheto, halafu Mweso, ambako watu waliokimbia makwao walikuwa wengi na mchana ulikuwa mrefu kwa wasio na shamba. Watu waliacha kutumia jina langu, wakaniita Kaka Sauti. Nilipenda maisha yale kuliko ninavyoweza kueleza.

Ubaya ni kwamba vijana walitoka ndani wakiwa bado wamewaka. Walipigana mateke mbele ya mlango, mwanzoni kwa kucheza. Siku moja Safari, kijana mbeba mizigo aliyekuwa na mabega kama mlango, alimvunja mwenzake jino. Kesho yake Chefu wa mtaa alikuja.

“Patron, hii nyumba yenu iko nafundisha batoto kuumizana. Nitaifunga.”

“Papa Chefu, sinema njo chakula yetu.”

“Basi Jumapili, kisha misa, nitakuja kuikala humu miye mwenyewe. Kama batapigana tena, mutaondoka na hii televisheni yenu.”

Patron alipekua diski zote kwenye katoni. Zote zilikuwa za damu, isipokuwa moja ambayo hatukuwahi kuionyesha hadi mwisho, kwa sababu pigano lake kubwa lilikuwa la taichi. Taichi ni namna ya Kichina ya kupigana bila haraka: mikono inazunguka kama inaosha kitu hewani, na nguvu ya adui haizuiwi, inapokelewa na kupitishwa.

“Itatuua,” nikasema.

“Zile zingine zitatuua mbele,” akajibu.

Jumapili Chefu alikaa benchi la mbele. Karibu naye alikaa Papa Bauma, mchungaji wa ng’ombe kutoka Karuba. Ng’ombe wake walikuwa wamechukuliwa vitani, na sinema alikuja zaidi kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Pigano lilipofika, nilijitayarisha kujaza. Kijana mwenye nguvu aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mzee, akasukuma. Mzee akageuza kiuno. Kijana akapita. Hapakuwa na mlio wa kuweka.

“Eeh, Kaka Sauti!” Safari akapaza sauti nyuma. “Huyu muzee iko nafanya nini? Iko nafua nguo?”

“Anatafuta bibi ya kucheza naye!” mwingine akasema, na nyumba nzima ikacheka. Wengine walianza kudai pesa zao. Nilimwona Patron anashika kichwa. Ndipo Papa Bauma akasema, bila hata kugeuka:

“Huyo amechungaka ngombe.”

“Ngombe gani, Papa?”

“Dume ikikujia na hasira, weye utaisimamisha na kifua? Unaipisha, unashika pembe, unaigeuza. Muangalie kiuno yake, muache mikono.”

Nikatazama kiuno, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi pigano linavyopangwa. Katika filamu zetu za damu picha ilikatwa kila mara, ngumi hapa, uso pale, na sisi ndio tuliounganisha kwa makelele. Hapa kamera ilisimama mbali na kutulia. Wote wawili walionekana kuanzia nyayo hadi kichwa, na picha ilikwenda kwa pumzi moja bila kukatwa. Aliyepanga pigano lile alikuwa hana mahali pa kuficha uongo. Nikafunga mdomo. Groupe ilisikika, lakini hakuna aliyekumbuka tuko wapi.

Mwishoni kijana alijirusha kwa nguvu zake zote, mzee akampisha, na nyuma ya mzee kulikuwa na kisima. Kabla kijana hajatumbukia, mzee alimshika upindo wa shati na kumrudisha nchi kavu. Ndani ya nyumba ile, kati ya watu waliosukumwa kutoka kila kilima, nilisikia mama mmoja akitoa pumzi kana kwamba ni yeye aliyeshikwa.

Nje, Safari alimfuata yule mwenzake aliyevunjwa jino. Chefu akasimama. Safari akanyoosha mkono. “Sukuma,” akasema. Walisukumana na kupishana hadi wote wawili wakaanguka kwenye nyasi, wanacheka, mmoja akionyesha pengo. Chefu alivaa kofia yake. “Sijaelewa hii filamu,” akamwambia Patron. “Mutaionyesha tena lini?”

Sinema haikufungwa na Chefu. Ilifungwa na simu, miaka mingi baadaye. Kila mtu alikuwa na filamu mfukoni, na nilikuwa naona vijana wakifika kwenye sehemu ya polepole na kuiruka kwa kidole gumba. Siwalaumu. Mimi mwenyewe ningeiruka, kama siku ile ningekuwa na kidole cha namna hiyo.

Patron aliuza mabenchi. Mimi nilipata nafasi juu ya lori linalorudi upande wa kwetu, Walikale. Papa Bauma alikuja kuniaga akiwa na fimbo yake.

“Sauti, hatutaonana tena?”

“Sijui, Papa.”

Aliiweka fimbo chini, akanyoosha mkono. “Sukuma.”

Abiria walikuwa wanatutazama. Niliuweka mkono wangu juu ya wake, nikasukuma. Hakuzuia chochote. Aligeuza kiuno taratibu, mgongo wake mzee ukanipisha, nikapita. Nilipokaribia kuanguka alinishika shati, akanisimamisha, akaniachia. Nilipoinua macho, ngazi ya lori ilikuwa mbele yangu.