Tetere Walioanguka Uani

Habari ya kifo chake niliipata sokoni Rongo, kwa mwanamke aliyekuwa akinipimia dagaa. "Yule mama wa ndege wa Asumbi tulimzika," alisema, akaendelea kupima. Ndivyo watu walivyomwita, ingawa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa muuguzi. Mimi nilikuwa mpangaji wake miaka ya tisini ilipoanza, nilipokuwa nikifundisha huko. Kila asubuhi alijaza karai maji, akaliweka chini ya mpera, kisha tukaketi barazani na chai kutazama nani atakuja. Alinionyesha chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, na minana wa manjano wanaogombana bila kuchoka. "Angalia vile wanakunywa, nyathina," aliniambia, yaani mwanangu. "Wengine wanainua kichwa ndio maji ishuke. Tetere ananyonya tu, kama ndama."

Mwaka mmoja mvua ilikuwa haba, na makundi ya ndege waharibifu yakavamia mtama wa jirani yetu, baba wa watoto wengi aliyeshinda shambani akipiga debe na mayowe mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe alimwaga nafaka yenye sumu kando ya shamba. Asubuhi iliyofuata tetere, wale njiwa wadogo, walikuja kwenye karai letu wakiyumba, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Mama alimpakata mmoja, akamfungua mdomo na kumtilia maji ya mkaa kwa kijiko ili kuipunguza sumu. Akafa. Akamwokota mwingine, naye akafa. Nilisimama karibu naye, mikono mitupu, nisijue nimsaidie nini.

Jirani alipoona, alikuja akavua kofia. "Mama, mimi sikutaka hawa wako. Lakini watoto wangu watakula nini?"

Mama alimtazama, tetere bado yumo mapajani. "Sijui, wuoda," alimjibu, akimwita kama mwanawe. "Kweli, sijui." Akainuka, akamwaga maji na kulifudikiza karai, asije akawaita ndege wengine karibu na sumu. Kisha akamletea yule bwana kiti na chai. Wakaketi, mizoga ikiwa mbele yao. Mtama wenyewe haukupona. Baadaye jirani aliiacha familia akaenda Masara kuchimba dhahabu.

Kwa muda mrefu nilitamani Mama angemkemea, au angempa shauri. Sasa nimezeeka katika kazi hii ya kuandika niliyoingia baada ya ualimu, na nimewasikia wakubwa wengi wakiwapa wenye njaa majibu mazuri, kisha wakapanda magari yao wakaondoka. Yeye hakuwa na jibu, lakini hakuondoka. Kuna siku hatuwezi kuokoa chochote, si ndege wala shamba. Siku kama hizo, linalobaki mikononi mwetu ni kutomkimbia mtu aliyekwama pamoja nasi.